Kinachoinua Mlango wa Gereji

Katika nyumba nyingi za Marekani na Kanada, ambako gari hulazwa chini ya paa moja na wenyewe, kitu kizito kuliko vyote vinavyosogea katika jengo lenyewe ni mlango wa gereji. Na kwa kuwa mlango huo hupanda na kushuka kwa kubonyezwa rimoti ndogo iliyotundikwa ndani ya gari, wakazi wake aghalabu huamini kwamba mashine iliyoning'inizwa darini, yenye taa na mnyororo, ndiyo inayoubeba kwa nguvu zake. Imani hiyo haina ukweli, na madhara yake si haba, kwani humo ndimo zinamotoka gharama nyingi za bure, mashine mpya zinazokufa kabla ya wakati, na, la kusikitisha kuliko yote, baadhi ya ajali zilizowafika watoto. Mlango wa gereji hubebwa na kamani, yaani springi za chuma zilizokazwa juu ya kizingiti chake au pembeni mwake. Mashine huuvuta na kuusukuma mlango ambao uzito wake umekwisha kutulizwa. Na pale uzito huo usipotulizwa, mashine hutwishwa mzigo ambao hakuna aliyeiundia.

Jambo hili lawahusu wasomaji wa Kiswahili siku hizi zaidi ya zamani. Wasemaji wa lugha hii waliohamia Ohio, Minnesota, Texas na Ontario, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, na wengine kwa kukimbia vita vya Kongo na Burundi, sasa wamo katika nyumba zenye milango ya namna hii, ama kwa kupanga ama kwa kununua. Na mnunuzi wa nyumba hukabidhiwa funguo na rimoti, lakini ni nadra kupata mtu wa kumweleza habari za vyuma vilivyo juu ya kichwa chake.

Mlango wenyewe si wa kale. Mwaka 1921 Mmarekani aitwaye C. G. Johnson alibuni mlango wa vipande vilivyoungwa kwa bawaba, unaopanda juu na kulala darini badala ya kufunguka kwa nje kwa mbawa mbili. Na mwaka 1926, alipokuwa akifanya kazi zake katika jimbo la Indiana, akaleta mashine ya umeme ya kuufungua. Mfuatano wa miaka hiyo wastahili kuangaliwa, maana mlango ulitangulia mashine, na watu waliuinua kwa mikono bila taabu kubwa kwa sababu kamani zake ziliwawezesha. Mashine ilikuja kuwaondolea watu usumbufu wa kushuka garini katika mvua na theluji, na hiyo ndiyo kazi iliyobaki kuwa yake mpaka leo, hata baada ya kuongezewa rimoti, taa, macho ya usalama na intaneti.

Mlango wa gari moja, wa bati jepesi la chuma, huwa na uzito wa kilo 60 hivi, na wa magari mawili, hususan wa mbao au uliotiwa kinga ya baridi ndani yake, waweza kupita kilo 150. Kamani iliyo bora hukaa juu ya kizingiti, imevikwa katika fimbo ndefu ya chuma. Mlango unaposhuka, kamba mbili za chuma zilizofungwa katika pembe zake za chini huzizungusha kapi zilizo kwenye ncha za fimbo ile, na kamani hujinyonga na kujikaza, ikiweka akiba ya nguvu ambayo uzito wa mlango umeitoa kwa kushuka. Na mlango unapopanda, akiba hiyo hurejeshwa, hata mtu akiuinua kwa mkono huhisi mzigo wa kilo chache tu. Namna ya pili ni kamani za kuvutika, zilazwazo juu ya mifereji ya chuma ambamo vigurudumu vya mlango hupita, moja kila upande. Na hizi sharti kila moja ipitishwe waya wa usalama ndani yake, ili ikikatika isiruke na kumjeruhi mtu au kupasua kioo cha gari.

Kamani ya kawaida huundwa kwa hesabu ya kupanda na kushuka mara 10,000. Nyumba ifunguayo mlango wake mara 4 kwa siku huimaliza hesabu hiyo kwa takriban miaka 7, na nyumba yenye vijana wanne, ambao hupita gereji kila watokapo na kila waingiapo, huimaliza mapema zaidi. Kwa hiyo kamani inapokatika, mara nyingi usiku wa baridi na kwa mlio unaowashtua waliolala, mwenye nyumba asimlaumu mtu. Umri wake umetimia.

Niliwahi kuwapo katika nyumba moja mjini Columbus, Ohio, ya mzee mwenye asili ya Tanga, ambaye alikuwa amekwisha kununua mashine mpya, ingali katika boksi lake, na kumwita fundi kijana, naye mzaliwa wa Pwani, aje kuifunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ya zamani imekufa. Inanguruma tu, mnyororo hauendi. Mpya hiyo hapo, nifungie."

"Nitakufungia, mzee, lakini kwanza niruhusu niutazame mlango wenyewe."

Kijana alichomoa plagi ya umeme, akavuta kamba nyekundu inayoning'inia kutoka relini, ambayo huutenga mkono wa mashine na mlango, kisha akainama na kujaribu kuuinua mlango kwa mikono miwili. Ulipanda kiasi cha shubiri, ukarudi chini. Akaangaza tochi juu ya kizingiti, na pale, katika mizunguko ya chuma cheusi iliyobanana, palikuwa na mwanya wa vidole viwili: kamani moja kati ya mbili ilikuwa imekatika, yumkini tangu siku nyingi, na mashine ya zamani iliendelea kuvuta mzigo usio wake mpaka ikashindwa. Alipopanda ngazi na kufungua kifuniko cha mashine, unga mweupe wa nailoni ulikuwa umetapakaa ndani, juu ya grisi na nyaya. Gia ya nailoni, ambayo huzungushwa na parafujo nene ya chuma, ilikuwa imelika meno yake upande mmoja hata pamekuwa laini. Mota ilizunguka salama, parafujo ikazunguka, lakini hakukuwa na meno ya kushika.

"Mzee, hii mpya ningeweza kukufungia leo, nayo ingelika gia yake vile vile. Mota yako ni nzima."

"Basi hii nimenunua bure?"

"Irudishe dukani, mzee. Tutie kamani mbili mpya na gia moja, tuone."

Zikatiwa kamani zote mbili, kwa maana zilizofungwa siku moja huchoka karibu wakati mmoja, na kumlipa fundi mara mbili kwa kazi moja ni hasara. Na mashine ile ya zamani ikaanza tena kuvuta.

Jaribio alilolifanya kijana yule ningependa kila mwenye nyumba alijue, kwa kuwa halihitaji chombo wala gharama. Mlango uwe umefungwa. Na hili ni sharti, kwa sababu ukiwa juu na kamani imekatika, kuvuta kamba nyekundu ni kuuachia mlango mzima uanguke. Ikiisha kuvutwa kamba, uinue mlango kwa mikono yako. Wenye mizani njema hupanda kwa nguvu za mtu mmoja wa makamo, na ukiuachia taratibu penye urefu wa kiuno husimama papo hapo, au husogea kidogo tu. Ukishuka kwa kishindo, kamani zimechoka. Ukikimbilia juu wenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Ukikwama mahali pamoja kila mara, kuna kigurudumu kilichovunjika au mfereji uliopinda. Katika hali zote hizo mashine isirejeshwe kazini kabla ya mlango kutengenezwa.

Hapa pana mpaka ambao nausisitiza kwa moyo wangu wote. Kamani iliyokazwa imebeba nguvu ya kuinua mlango mzima, na yeyote alegezaye skrubu zake bila vyuma maalumu vya kukazia, kwa mfano kwa kutumia bisibisi kwa kuwa ndiyo aliyonayo, aweza kuvunjika mkono, kupoteza jicho, au kupoteza uhai. Kadhalika vile vipande vya chuma vilivyo katika pembe za chini za mlango, ambavyo hushikilia kamba. Navyo vimo katika mvuto ule ule, na kuvifungua kwa nia ya kuvisafisha ni hatari sawasawa. Mwenye nyumba aangalie, asikilize, ajaribu mizani. Kukaza na kulegeza kamani amwachie fundi aliyefunzwa kazi hiyo, hata akiwa yeye mwenyewe ni hodari wa kazi nyingine za mikono.

Yaliyobaki ni mepesi, na mtu aweza kuyatimiza asubuhi moja, mara mbili kwa mwaka. Bawaba zitiwe mafuta, na gololi za vigurudumu, na kamani yenyewe ipakwe mafuta membamba kwa urefu wake ili isipate kutu wala isisagane. Mifereji isitiwe grisi. Ifutwe kwa kitambaa tu, kwa sababu kigurudumu hutakiwa kuzunguka, wala hakitakiwi kuteleza, na grisi iliyomo mferejini hukusanya vumbi na mchanga mpaka ikawa gundi. Mafuta ya kupulizia ya kulegezea kutu hayafai kuwa mafuta ya kudumu, maana huosha grisi iliyokuwapo kisha yenyewe yakakauka. Boliti zikazwe, kwa kuwa mlango unaotetemeka kila siku hulegeza kila kilichofungwa. Mnyororo usiachwe ukaning'inia na kuipiga reli, wala usikazwe kama uzi wa udi, maana mnyororo uliokazwa mno hula gia na beringi. Vitabu vya mashine hutaja kipimo chake, na mashine nyingi huwa na nati mbili za kurekebishia. Mashine ya mkanda wa mpira haitaki mafuta kwenye mkanda wake.

Katika majimbo ya baridi kali kuna taabu nyingine. Grisi nzito huganda, mpira wa chini ya mlango hushikwa na barafu sakafuni, na mashine inayojaribu kuuinua hukuta mlango haubanduki, ikasita, au ikaanza kuinuka na kurudi. Hapo ndipo mwenye nyumba mwenye haraka ya kwenda kazini hupanda kiti, akazigeuza zile skrubu mbili ndogo za mashine zinazoongoza nguvu ya kuvuta na ya kusukuma, akaongeza, akaongeza tena, mpaka mlango ukatii, kisha akasahau. Barafu huyeyuka mwezi wa Machi, na nguvu aliyoiongeza hubaki palepale. Mashine iliyopandishwa nguvu hivyo haijui tena tofauti baina ya ukaidi wa barafu na mwili wa binadamu.

Mashine ya gereji ilikuwa ikiua watoto. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitaja kwamba tangu Machi 1982 ilipata habari za watoto takriban 60, wa umri baina ya miaka 2 na 14, waliobanwa na kufa chini ya milango ya gereji yenye mashine, mbali na wengine walioponea na madhara ya ubongo. Mtoto alikimbia kupita chini ya mlango unaoshuka, kama watoto wanavyopenda kufanya, akaanguka. Au alichezea kibonyezo cha ukutani. Na mashine iliyowekwa vibaya, au ya zamani isiyojua kurudi, ikaendelea kusukuma. Mwaka 1990 bunge la Marekani likapitisha sheria, na mashine zote zilizoundwa kwa nyumba za watu kuanzia tarehe 1 Januari 1993 zikalazimishwa kuwa na kinga ya pili, mbali na ile ya kugeuka zinapogusa kitu. Kinga hiyo katika nyumba nyingi ni macho mawili madogo yanayotazamana kutoka pande mbili za mlango, yakipitisha baina yao mwali usioonekana. Mwali ukikatwa na mguu, na mpira, au na paka, mlango unaoshuka husimama na kurudi juu.

Macho hayo yafungwe yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, na kipimo hicho kina maana yake, kwa sababu mtoto aliyeanguka hulala chini, na mwali uliopandishwa hadi magotini humpita juu yake. Nimeona nyumba ambamo macho yamefungwa yote mawili darini, yakitazamana kwa karibu kando ya mashine, ili yasisumbuliwe na ndoo na baiskeli. Anayefanya hivyo amempokonya mtoto wake kinga ambayo watoto wengine walikufa ndipo ikapatikana. Jicho likigoma, mara nyingi sababu ni ndogo: utando wa buibui, vumbi, jua la jioni linalopiga moja kwa moja katika jicho linalopokea, au kishikio kilichogongwa na pipa la taka. Kila jicho lina kitaa kidogo. Mashine nyingi huwa na cha manjano upande mmoja na cha kijani upande wa pili. Kinachopepesa au kilichozimika hueleza kwamba macho hayaonani, nawe waweza kulisogeza jicho kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka kitaa kikatulia. Mlango unaokataa kushuka kwa rimoti lakini unaoshuka ukishikilia kibonyezo cha ukutani bila kukiachia, karibu daima unalalamikia macho.

Kila mwezi kinga hizi zijaribiwe. Kwanza, mlango ukiwa unashuka, pitisha ufagio mbele ya jicho, lazima urudi. Pili, laza chini katikati ya njia yake ubao wenye unene wa sentimita 4 hivi, kisha ushushe. Mlango ukiugusa ubao yapasa urudi juu ndani ya sekunde 2. Ukisimama tu bila kurudi, au ukiukandamiza ubao, punguza nguvu au rekebisha kikomo cha kushuka, ujaribu tena. Na ukikataa, chomoa umeme, utumie mikono mpaka fundi afike. Jaribio la ubao halina maana katika mlango usio na mizani, kwa sababu mashine inayopambana na uzito wa mlango haiwezi kutambua kilichogusa.

Rimoti nayo ina mambo yake. Za mwanzo zilitoa ishara moja, na jirani aliporudi kazini alifungua milango ya mtaa. Zikafuata zenye swichi ndogo 8 hadi 12 za kupangwa na mwenyewe, ambazo zilitoa namba za siri kati ya 256 na 4,096, idadi iliyotosha kuwazuia majirani lakini isiyotosha kumzuia mwizi mwenye elimu: mwaka 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha kwamba kwa chombo cha kuchezea cha watoto alichokigeuza, mlango wa namba zisizobadilika ulifunguka katika muda usiofika sekunde 10. Tangu katikati ya miaka ya 1990 mashine nyingi hubadili namba kila rimoti inapobonyezwa, na anayekuta ndani ya rimoti yake safu ya swichi ndogo za kusukuma kwa ncha ya kalamu anayo sababu njema ya kubadili mashine hata kama inavuta vizuri. Kuhusu rimoti inayofika karibu tu, mtu atazame kwanza betri, kisha balbu, kwa sababu baadhi ya balbu za LED zinazotiwa katika taa ya mashine hutoa mawimbi yanayoisumbua redio yake. Na mwaka 2004, karibu na kambi ya jeshi la anga ya Eglin, Florida, milango ya raia iligoma kwa sababu jeshi lilianza kujaribu redio mpya katika mawimbi yale yale ya megahezi 390 yaliyokuwa yakitumiwa na rimoti nyingi. Na kwa kuwa mawimbi yalikuwa ya serikali, wenye milango ndio waliotakiwa kuvumilia.

Umeme ukikatika, mashine hulala, na mlango huinuliwa kwa kamba nyekundu na mikono. Katika mioto mikubwa ya Oktoba 2017 huko California, wapo wazee walionaswa usiku ndani ya gereji kwa kutojua au kutoweza kuufungua mlango kwa mikono, na baadhi yao wakafa. Jimbo hilo likaweka sheria kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2019 mashine zinazouzwa na kufungwa humo ziwe na betri ya akiba. Betri ni jambo la heri, lakini mtu mzima mwenye umri mkubwa huuinua mlango wenye mizani, na kijana mwenye nguvu hushindwa na usio na mizani.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo pacha wa jambo hili katika mageti ya kusukuma kwa pembeni, yenye mota na reli ya meno, ambayo yameenea katika nyumba za Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa. Kanuni ni ile ile. Geti lisiposogea kwa mkono baada ya mota kutengwa kwa ufunguo wake, ama kwa mchanga uliojaa relini, ama kwa gurudumu lililoliwa na kutu ya chumvi ya bahari, mota mpya italipa deni la geti. Na mlinzi au msichana wa kazi anayelisukuma kila umeme unapokatika hulijua tatizo hilo kabla ya mwenye nyumba. Macho ya usalama yawekwe huko pia, kwa kuwa geti la chuma halina huruma zaidi ya mlango wa gereji.

Sasa, lini mashine ibadilishwe? Ile isiyo na macho ibadilishwe leo, hata ikiwa nzima. Nyingine hudumu miaka 10 hadi 15, na zaidi ya hapo vipuri hupatikana kwa shida. Gia, mnyororo na kapi hubadilishwa kwa fedha kidogo, lakini bodi ya umeme iliyokufa katika mashine ya umri huo haistahili gharama. Anayechagua mpya aanze na mlango: uzito wake, urefu wake, na nafasi iliyoko juu. Reli ya mlango wa futi 7, yaani mita 2 na zaidi kidogo, haitoshi mlango wa futi 8 bila kipande cha kuongezea. Mashine ya mnyororo ni rahisi, ina nguvu, na ina kelele. Ya mkanda ni tulivu, nami naipendelea kwa nyumba ambayo chumba cha kulala kiko juu ya gereji. Ile inayofungwa ukutani kando ya fimbo ya kamani huacha dari wazi, lakini haifai penye kamani za kuvutika. Nguvu ya nusu farasi hutosha milango mingi yenye mizani, na muuzaji anayesifu nguvu kubwa kwa mlango mwepesi anamwongezea mnunuzi bei.

Kuifunga ni kazi ya watu wawili na ngazi imara, nusu siku, mlango ukiwa umefungwa tangu mwanzo hadi mwisho. Komeo la zamani liondolewe au lifungwe lisiweze kushika, na kamba ya kuvutia iliyoachwa kwenye mlango ikatwe, maana hunasa watoto. Kishikio cha reli kiwekwe katikati kabisa ya mlango, juu kidogo ya kilele cha njia yake, kikazwe katika mbao nene za ukuta wala si katika plasta. Na kipande cha juu cha mlango mwepesi wa bati kitiwe chuma cha kukiimarisha, la sivyo mkono wa mashine hukikunja. Waya wa macho wa zamani usitumiwe tena ikiwa umechubuka. Umeme utoke kwenye soketi ya dari yenyewe, bila waya wa kuunganisha. Kibonyezo cha ukutani kikae mita 1 na nusu juu ya sakafu, mahali ambapo anayebonyeza auona mlango na mtoto hakifikii, na karatasi ya onyo inayokuja na mashine ibandikwe kando yake. Kisha vikomo vya kupanda na kushuka vipangwe, nguvu ipangwe kwa kiwango cha chini kinachotosha, na majaribio ya ufagio na ubao yafanywe kabla ya gari kuingia.

Rimoti za zamani zilizopotea au zilizobaki na wapangaji waliohama zifutwe katika kumbukumbu ya mashine, na anayeuza gari afute kibonyezo kilichomo ndani yake. Jioni hiyo hiyo kila mtu mzima wa nyumba aitwe gerejini; avute kamba nyekundu mlango ukiwa umefungwa, auinue kwa mikono, aushushe, kisha abonyeze rimoti mpaka mkono wa mashine ushikwe tena relini kwa mlio wake mfupi.